Gesi Ipo, Hupewi

Shuleni nimepigishwa magoti kwa ajili ya mdomo wangu mara nyingi hata magoti yameota sugu kama ya ngamia. Nyumbani mdomo huo huo ulipewa kazi, tena kazi ya kisheria. Naandika haya kwa sababu mtaani hadithi yetu inasimuliwa kwa namna tano au sita, na katika zote mimi ndiye mtoto wa kike asiye na haya aliyemvunjia ami yake heshima. Haya sina, nakubali. Yaliyobaki wameyakoroga.

Mama yangu ana duka la spea za magari hapa Malindi, kwenye barabara ya kwendea mtaa wa Barani. Lilikuwa duka la baba. Baba alipofariki, jamaa walikaa kikao wakasema mwanamke anauza leso na udi, hauzi breki. Aliyesimama akawanyamazisha ni ami, kaka mkubwa wa baba, ambaye ana gereji kule Barani. Alisema, "Mwacheni mke wa ndugu yangu. Duka ni lake." Tangu siku ile neno la ami likiingia nyumbani kwetu hupewa kiti kizuri na mto wa kuegemea.

Katika vitu vyote mama anavyouza, kilichotegemewa kulibeba duka ni gesi ya AC, ile ya kutilia magari. Joto la Malindi mwezi wa tatu unalijua, na kama hulijui usije kulijua. Mtu wa hapa atavumilia gari lisilo na breki nzuri, atavumilia mlango uliofungwa kwa kamba, lakini AC ikifa anatembea akilalamika kama kafiwa. Gesi huja kwa mikebe midogo, myeupe, ya kupendeza, unaweza kudhani ni dawa ya mbu.

Lakini haiuzwi kama dawa ya mbu. Wakala anayetuletea kutoka Mombasa alimwita mama kwenye mafunzo ya siku mbili, akamtilisha saini karatasi nene. Mama alirudi na faili na masharti yake, akawa anayakariri jikoni kama mtoto wa chuo cha Kurani. Usimuuzie mtu asiye na kadi ya fundi aliyefunzwa kazi ya AC. Mwenye kadi, andika jina na nambari ya kadi kwenye daftari. Mkebe ukiisha, upokee mtupu, usiachwe ukazagaa. Mkumbushe fundi kwamba gesi iliyomo garini haifunguliwi ikaenda hewani. Inanyonywa na mashine, kwa sababu ikipanda juu inaifunika dunia kama blanketi. Yaani unapoza gari lako, unawachemsha wenzio. Na mwisho, tundika ilani mahali ambapo mnunuzi ataiona kabla hajafungua kinywa.

Mama aliyaweza yote ila moja. Kukataa.

Mama amezaliwa Mambrui, akalelewa na bibi ambaye kwake "hapana" lilikuwa neno la kumfukuzia paka. Binadamu haambiwi hapana. Binadamu anakaribishwa, anaulizwa hali ya mamake, hali ya mguu wa mamake, anapewa kahawa, kisha mambo yanazungushwa polepole mpaka anaondoka mwenyewe akidhani alikuja kusalimia tu. Nimewahi kumwona mama akimnyima jirani ungo, na jirani akaondoka akimwombea dua.

Basi fikiria mwanamke huyo anatakiwa na sheria amwambie mtu uso kwa uso: hupewi.

"Gesi ipo?" mteja anauliza.

"Karibu, karibu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Gesi ya AC ipo?"

"Na watoto?"

"Wazima. Nataka mikebe miwili."

Hapo mama alikuwa anashusha macho, anapangusa kaunta ambayo haina vumbi, anasema kwa sauti ya msibani, "Gesi, baba, haijafika."

Na nyuma yake, ndani ya kabati la kioo, mikebe imejipanga kama wanafunzi kwenye paredi. Mteja anaitazama mikebe. Mikebe inamtazama mteja. Kwa heshima wote wanajifanya hawajaonana.

Mimi nilikuwa nacheka mpaka natoka nje. Lakini mambo yalianza kuchacha, kwa sababu Malindi habari haitembei, inaruka. Watu walisikia kwamba kwa yule mama gesi haijafika. Wasio na kadi walisikia, ambalo lilikuwa jambo jema. Wenye kadi nao walisikia. Kuna fundi mmoja wa Matsangoni, kijana mpole mwenye kadi safi na ile mashine ya kunyonyea, ambaye kazi zake nyingi ziko huku kwetu. Fundi huyo alipita mbele ya duka letu na pikipiki yake, mashine imefungwa nyuma kama mgonjwa, akaenda kununua mbali. Siku nilipomsimamisha barabarani alisema, "Nilisikia hamna tangu Ramadhani. Sikutaka kumsumbua mama."

Ndiyo pwani hiyo. Muuzaji ana haya ya kukataa, mnunuzi ana haya ya kuuliza tena, na mikebe inakaa.

Afisa wa wakala alikuja mwanzo wa likizo ya Aprili. Mwanamke wa bara, suruali iliyopigwa pasi, viatu vya kutembea mbali, sauti ya watu wanaoamka saa kumi. Alifungua daftari. Lilikuwa na mstari mmoja. Akatazama kabati. Lilikuwa limejaa.

"Mama, kwani huuzi?"

"Tunauza," mama akasema. "Karibu kahawa."

"Na ilani iko wapi?"

Mama akainuka, akavuta mlango. Ilani ilikuwa nyuma ya mlango, ule ambao mchana kutwa uko wazi umelalia ukuta. Ilikuwa ya Kiingereza, maandishi madogo, na kona moja imeliwa na mende.

"Umeificha?"

"Sikuificha. Nimeiweka isimwaibishe mteja."

Nilidhani afisa atacheka. Hakucheka. Alikunywa kahawa, ndiyo, hakuna binadamu anayeiepuka kahawa ya mama, lakini alipoweka kikombe alisema maneno yaliyonyooka kama rula. Atarudi mwisho wa mwezi. Akikuta hata mkebe mmoja umeuzwa kwa mtu asiye na kadi, kibali kinaondoka. Akikuta mikebe imekaa hivi hivi, kibali pia kinaondoka, maana Kilifi kuna maduka yanasubiri nafasi hiyo. "Kuuza si hiari yako tu, mama, na kukataa si hiari yako. Yote mawili ni kazi uliyotia saini."

Alipoondoka mama alikaa kitako kwenye gunia la vitambaa vya kupangusia. Hakulia. Mama halii mbele ya spea. Lakini alisema, "Wale waliosema niuze leso watafurahi."

Hilo neno liliniingia kama mwiba wa samaki. Nilikwenda nyuma, nikachana boksi la breki, nikachukua kalamu nene ya rangi nyeusi, nikaandika kwa herufi za kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara:

GESI YA AC IPO.
BILA KADI YA FUNDI HUPEWI.
HATA UKIWA JAMAA.
HATA UKILIA.

Nikalitundika juu ya kabati la kioo, katikati, mahali ambapo jicho likiingia halina pa kukimbilia.

Mama alipoliona alishika kichwa. "Ya Rabi! Wewe mtoto! 'Hata ukilia'? Mtu atakuja na shida zake akute maneno haya?"

"Atakuta ukweli."

"Litoe."

"Nilitoe, tuwaambie haijafika?"

Mkono wake ukashuka kutoka kichwani. Nikaona nafasi. Nikamwambia, mama, tugawane kazi. Wewe una adabu, mimi sina. Wewe wape kahawa, mimi nitawanyima gesi. Aliniangalia muda mrefu, kama mtu anayefikiria kufuga mbwa: atafukuza wezi, ndiyo, lakini atawabwekea wageni pia. Mwisho akasema, "Salamu lakini utoe."

"Nitatoa."

"Shikamoo kwanza, ndipo hayo mengine."

Likizo yangu ikaanza hivyo. Wenzangu walikuwa ufuoni, mimi niko kwenye kiti kirefu nyuma ya kaunta nawasalimu watu kwa heshima kisha nawakatalia. Na niseme wazi: sijawahi kufanya kazi nikaifurahia vile.

Alikuja dereva wa teksi, mtu wa bara, miwani juu ya kipara.

"Sasa, msichana. Nipee gas ya AC moja."

"Shikamoo. Kadi unayo?"

"Kadi ya nini? Mimi ndio mwenye gari."

"Gari ni lako, gesi si yako bado. Ukitaka, fundi mwenye kadi atakutilia hapa hapa mbele ya duka."

"Wewe uko na mdomo, aki."

"Ninao. Kadi je?"

Alicheka, akasoma kibao kwa sauti mpaka "hata ukilia", akajifanya analia. Nikamwonyesha kwa kidole mstari ule ule. Akaenda akarudi na fundi wa Matsangoni.

Akaja pia mwalimu wangu wa nidhamu. Wallahi sikumpangia, alikuja mwenyewe, kwapa zimelowa, gari lake liko nje linapumua kama mbuzi wa kuchinjwa.

"Alaa! Wewe si wa kidato cha tatu?"

"Ndiye, mwalimu. Shikamoo. Kadi?"

Kwa miaka mitatu mwalimu yule aliniuliza maswali nisiyoyajua mbele ya watu. Siku ile nilimwuliza moja tu, akakosa jibu. Mama alimpa kahawa mbili kwa aibu. Mimi nilimpa nambari ya fundi.

Na ajabu ni kwamba kibao kilifanya kazi pande zote mbili. Wasio na kadi walikasirika au walicheka, lakini walijua. Wenye kadi walisoma mstari wa kwanza, gesi ipo, wakaingia. Daftari likaanza kujaa majina na nambari. Gunia la mikebe mitupu likaanza kutuna kwenye kona. Mama alianza kuimba tena asubuhi akifungua duka, sauti ya chini, kasida ya harusini kwao.

Harusi. Ndipo penye kesi yenyewe.

Binti ya ami alikuwa anaolewa. Yeye ni dada kwangu, tumekula sinia moja tangu meno ya utotoni, na ami aliapa harusi yake itasimuliwa mpaka Mambrui. Magari sita ya msafara, yenye maua, yote yapite mjini polepole. Sasa bibi harusi ni mtu aliyepakwa. Kuna poda, kuna wanja, kuna vitu vya kung'aa ambavyo sivijui majina, vinapakwa kwa saa nne na fundi wa kike aliyetolewa Mtwapa. Mweke mtu huyo ndani ya gari lisilo na AC, mwezi wa nne, polepole, madirisha yamefungwa ili mtandio usiruke. Atafika kwa mume amekuwa mtu mwingine.

Magari manne kati ya yale sita AC zilikuwa zimekufa. Ami akatuma salamu: Jumatatu atapita kuchukua gesi.

Ami anajua magari, sitaki kudanganya. Amefunga AC za magari ya Malindi kabla mimi sijazaliwa. Lakini kadi hana na hataki. Mafunzo yalipokuja alisema hawezi kukaa kwenye benchi kufundishwa na kijana ambaye yeye alimpangusa makamasi. Na kazi yake ya AC anaifanya vile vile alivyoianza: anafungua nati, gesi ya zamani inatoka hewani "psssss" kama nyoka aliyekanyagwa, anacheka, anasema "jini limetoka", kisha anatia mpya. Nilipokuwa mdogo nilikuwa napiga makofi jini likitoka.

Siku ile ya Jumatatu mama alipika mahamri na mbaazi za nazi, akachemsha kahawa ya tangawizi, akatoa vikombe vya wageni. Kisha akaniambia, "Leo kaa nyumbani."

"Nani atakataa?"

"Hakuna kukataa leo. Ni ami yako."

"Utampa?"

Alikuwa anakunja kitambaa cha sinia, anakikunjua, anakikunja. Nikamwambia mikebe minne bila kadi ni mistari minne mitupu kwenye daftari, na afisa anakuja Ijumaa ya wiki inayofuata. Mama akasema, kwa sauti ndogo, "Bila yeye lisingekuwa duka."

"Na bila kibali litakuwa nini?"

"Kaa nyumbani."

Nilikaa nyumbani muda wa kuvaa viatu.

Nilipofika, ami alikuwa ameshakaa kwenye kiti kizuri, kofia ya kiua kichwani, kikombe mkononi bado hajanywa. Kibao changu hakikuwepo. Nilikiona kimegeuzwa, kimeegemezwa ukutani nyuma ya pipa la oili, kama mtoto aliyeadhibiwa. Niliposimama mlangoni mama aliniona, macho yakaniomba nirudi. Sikurudi.

"Basi, shemeji," ami alikuwa anasema, "mikebe minne. Ukiwa na sita ni bora zaidi."

Mama akapangusa kaunta. Nikajua linalokuja, nikatamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

"Gesi, shemeji, haijafika."

Ami akainua macho taratibu. Kabati la kioo liko hapo, hatua mbili. "Na hii?"

"Hii..." Mama akapangusa tena. "Hii ni mitupu. Inarudishwa."

Ami aliweka kikombe chini. Aliinuka, akafungua kabati mwenyewe, akachukua mkebe mmoja, akaupima mkononi. Akautikisa karibu na sikio. Ukaita ndani, maji ya baridi yakicheza. Akamtazama mama, na hakuwa na hasira hata kidogo, ndicho kilichouma. Alikuwa kama mtu aliyetukanwa na msikiti.

"Shemeji," akasema. "Unanidanganya mimi?"

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka masikioni. Mwanamke aliyelinda heshima za watu wote wa mji huu ameshikwa na uongo mbele ya mtu anayemheshimu kuliko wote, na uongo wenyewe aliusema kwa sababu ya heshima. Hapo ndipo niliposema. Wanaosimulia mtaani husema nilipiga kelele. Sikupiga. Nilitoa salamu kwanza, mama ni shahidi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba," akasema bila kunigeukia.

"Imejaa, ami. Yote. Lakini hupewi."

Ami akanigeukia.

"Nini?"

"Hupewi. Huna kadi. Mama akikupa, kibali kinaondoka, na duka linaondoka nacho. Duka lile ulilolisimamia wewe mwenyewe ukasema ni lake. Ukilichukua kwa mikebe minne, basi wale waliosema auze leso walikuwa sawa, na wewe ndiye utakayewapa ushindi."

"Nani anamsemea mama yako?"

"Mimi. Yeye ana adabu sana."

Ami aligeuka kwa mama. "Mwanao huyu ataomba radhi. Sasa hivi."

Mama akainua kichwa. Macho yake yalikuwa na maji lakini hayajamwagika. Akaniambia, "Mwombe ami yako radhi."

Nikapiga goti, magoti yangu yana uzoefu. Nikasema, "Ami, nisamehe kwa sauti yangu. Kwa uso wangu pia, kama unakuudhi. Maneno yabaki. Lete magari, fundi wa Matsangoni ataipiga kazi hapa mbele kwa mashine, yote manne, na bibi harusi atafika kwa mumewe akiwa yeye."

"Yule mtoto? Aguse magari ya msafara wangu?"

"Ana kadi."

Ami aliurudisha mkebe kabatini, taratibu, akafunga kioo. Akavaa viatu. Akaondoka. Kahawa aliiacha imejaa mpaka ukingoni, mahamri hajayagusa, na mtu wa kwetu akiiacha kahawa yako hivyo, ni afadhali angekupiga.

Mama hakunigombeza. Alikaa akitazama kile kikombe mpaka kikapoa. Kisha akasema, "Hata ukweli una mlango wake wa kuingilia. Wewe umevunja dirisha."

"Mlango ulikuwa umefungwa, mama."

Wiki ile yote ilikuwa msiba usio na maiti. Shangazi mmoja alikuja kutuambia kwamba tunaweza kuja harusini lakini tukae nyuma. Mwingine alisema mimi nisije kabisa, nitamharibia bibi harusi nyota. Kibao nilikirudisha mahali pake siku ile ile, na mama alikiona, akapita.

Ijumaa, kabla ya sala, gari la kwanza la msafara, lile la bibi harusi, likasimama mbele ya duka. Dirisha likashuka. Alikuwemo mwenyewe, amejitanda buibui mpaka puani, hina imemkauka mikononi.

"Haya, yuko wapi huyo mwenye kadi?"

"Ami anajua?"

"Baba ana heshima yake, aivae. Mimi nina uso wangu. Sitaki kuyeyuka."

Fundi wa Matsangoni alifanya kazi saa moja na nusu. Alinyonya iliyobaki kwa mashine, akatafuta pa kuvujia, akapapata, akapaziba, akatia mpya. Hakuna "psssss". Nilisikitika kidogo, sitasema uongo. Jini lilikuwa tamu utotoni. Mama aliandika jina na nambari kwenye daftari kwa mwandiko wake wa kuinama, akaupokea mkebe mtupu kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto.

Harusini tulikaa nyuma. Msafara ulipofika, gari la kwanza lilikuwa madirisha juu, bibi harusi ametoka kavu, amenyooka, anang'aa, vigelegele vikapasuka. Gari la tatu lilikuwa madirisha chini na ami ndani, kanzu imemganda mgongoni, jasho linatiririka mpaka kwenye ndevu, kichwa amekiinua juu kabisa. Hakuangalia upande wetu. Nilitaka kucheka, nikaona kwamba kichwa kile kimeinuliwa kama ninavyoinua changu nikipigishwa magoti. Nikakosa kucheka.

Afisa alirudi Ijumaa iliyofuata, kama alivyosema. Alipekua daftari, kila mstari una jina na nambari. Alihesabu mikebe kabatini, akahesabu mitupu ndani ya gunia, akatia alama zake. Tulidhani yameisha. Ndipo akainua macho juu ya kabati.

"Na hii ni nini?"

"Kibao," mama akasema.

"'Hata ukilia'? Mama, hii haina adabu. Sisi tuna ilani yetu rasmi. Hii itoeni leo."

Nilikuwa kwenye kiti changu kirefu, mdomo umeshafunguka, hoja tatu ziko ulimini zinasukumana. Sikuwahi kutoa hata moja.

"Hapana," mama akasema.

Nilidhani ni mtu mwingine ameingia dukani. Afisa naye alitazama mlango.

"Ilani yenu nitaitundika hapo kando, mbele, si nyuma ya mlango," mama akaendelea. Mikono aliibana chini ya kaunta. "Lakini hii haitoki. Yenu hakuna aliyeisoma, hata mende walipoila waliacha maandishi. Hii kila mtu ameisoma. Mlinitaka nikatae. Hivi ndivyo ninavyokataa. Shemeji yangu mwenyewe amekataliwa kwa maneno haya, na sijui kama atakuja kunywa kahawa yangu tena. Basi wewe hutanitolea."

Afisa alilifunga daftari. Akasema, "Angalau muongeze neno tafadhali."

Mama akanitazama. Nikashuka, nikachukua kalamu nyembamba kuliko zote, nikaandika "tafadhali" chini kabisa kwenye kona, herufi kama chungu. Liko pale mpaka leo. Ukija na miwani utaliona. Na kibali kiko kando yake, kimefungiwa ndani ya kioo.

Ami hajanisemesha. Siku ya Idi alinipa mkono niubusu huku anatazama saa ya ukutani. Lakini mwezi uliopita gari la gereji yake liliharibika AC, na kwa bahati ya ajabu likazimika kwenye kona, hatua ishirini kutoka duka letu, wakati fundi wa Matsangoni yupo. Wiki hii lingine limezimika pale pale. Mama hupeleka kahawa kwenye kona na hakuna anayeuliza kitu. Kikombe hurudi kitupu.

Hasara yote nimeipata mimi. Neno lile limemkolea mama, siku hizi halishuki mdomoni. Nikiomba simu mpya, hapana. Nikiomba kwenda Mtwapa na wenzangu, hapana. Jana nilimkumbusha jinsi alivyolelewa Mambrui, kwamba binadamu haambiwi hivyo, anazungushwa kwa upole.

"Basi karibu kahawa," akasema, akanimiminia. Nikanywa, nikapata matumaini, nikamwuliza, na Mtwapa?

"Hupewi," akasema. "Hata ukilia."